Nyumba ya Mwisho ya Lukelo

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote ya Kibaoni, pale Ifakara. Fausta alifagia uwanja, akapika wali wa kwenda nao kazini, akamkwangulia ukoko Mbuke, mtoto wa jirani, aliyekuwa ameshasimama mlangoni na kisahani chake kama mgeni wa harusi. Mbuke alikuwa na miaka sita. Kwao chakula hakikuwa shida, na maziwa yalikuwa ya kumwaga, maana baba yake, Sayi, alikuwa Msukuma mwenye ng'ombe wengi kule mbugani. Lakini mtoto ni mtoto. Cha kwa jirani ndicho kitamu.

"Leo umeunguza sana," Mbuke alisema huku anatafuna.

"Nimekuunguzia wewe."

"Haya. Kesho unguza hivi hivi."

Fausta alicheka kidogo, na kicheko hicho ndicho kilichokuwa chake cha siku nzima. Saa zilizobaki alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi. Anatembea, anaitikia salamu, anachagua nyanya sokoni, lakini ndani hakuna mtu. Mumewe, Lukelo, alikuwa amezama miezi minne iliyopita, masika ile ya mwaka tisini na nane maji yalipofunika mbuga yote. Alikuwa anatoka kijiji cha Michenga kwa mtumbwi. Mtumbwi ulipinduka, mwenye mtumbwi akapona, Lukelo akaenda na maji yeye na mkoba wake. Mwenye mtumbwi alisema redio yake ya mkononi ilikuwa ndiyo inaanza kusoma matangazo ya vifo, yale ya saa saba na dakika arobaini mchana.

Mwili haukupatikana. Na Fausta hakulia. Hilo la kutolia watu walilitafuna wiki nzima kisimani. Wapo waliosema alikuwa na bwana mwingine. Wapo waliomtaja bwana huyo kwa jina, na shati alilovaa. Midomo ya Kibaoni hailali na njaa.

Kwa desturi, mtu asiyepatikana huzikwa mgomba. Hukatwa gogo la mgomba la urefu wake, likavishwa nguo zake, likaliliwa kama yeye, likafukiwa. Mama mkwe wake, Bibi Ursula, alikuja na panga siku ya tisa.

"Mwanangu, tumlaze mwenzio."

"Nimlaze nini, mama? Gogo?"

"Gogo linakaa alipopaswa kukaa yeye. Mahali pakiachwa wazi, mwenyewe hupafuata."

Fausta alikataa. Aliendelea kukunja mashati ya Lukelo kila Jumamosi.

Sasa, kazi ya Fausta ilikuwa katika mradi wa kuhesabu watu, ofisi yenye bati la bluu karibu na njia ya kwenda kijiji cha Mbingu. Mradi ulikuwa na wahesabuji wenye baiskeli. Kila miezi minne walizunguka nyumba kwa nyumba, na mzunguko huo waliuita raundi. Nani kazaliwa, nani kahama, nani kahamia, nani kafa. Kila mlango ulikuwa na namba yake ya chaki, na mhesabuji akimaliza nyumba aliweka alama ya vema chini ya namba. Fomu zikifika ofisini, wasichana wanne walizichapa kwenye kompyuta ndogo, na yote yaliyochapwa yalikwenda kulala ndani ya kompyuta moja kubwa iliyokaa peke yake kwenye chumba cha baridi. Seva. Wafanyakazi waliiita Mama. Ikianguka Mama, zote nne zinakuwa vioo vitupu. Fausta alikuwa amesomea Dar namna ya kuilea, na mlango wa chumba hicho ufunguo wake alikuwa nao yeye na mkuu wa mradi, Mzee Hermenegildi, ambaye wala hakujua pa kuiwashia.

Lukelo alikuwa mmoja wa wahesabuji. Vema yake ilijulikana mji mzima, ina mkia mrefu uliopinda kama wa mjusi. Sheria ilimkataza mhesabuji kuhesabu nyumba yake mwenyewe, lakini kila raundi ilipokwisha alikuja kuweka vema mlangoni kwake, namba 418, akapaza sauti kutoka nje: "Mke wangu, hii ndiyo ya mwisho! Niwekee maji ya kuoga."

Raundi iliyofuata baada ya msiba, aliyekuja kumhesabu Fausta ni Festo, rafiki wa marehemu. Alikaa kwenye kigoda akaitazama fomu muda mrefu.

"Shemeji, hapa kwa Lukelo niandike nini?"

"Andika amesafiri."

"Kasafiri kwenda wapi?"

"Paache wazi."

Festo aliona haya kubishana na mjane. Akapaacha wazi. Kesho yake karatasi ikachapwa, ikaingia kwa Mama: Lukelo, yu hai, amesafiri, mahali hapajulikani. Hilo ndilo kosa lenyewe. Lilifanywa kwa huruma, kwa kalamu ya wino wa bluu.

Wiki ile ile Mama akaanza kuanguka.

Ilikuwa siku ile ya ukoko wa Mbuke, saa saba na dakika arobaini mchana, watu wakiwa wamevimbiwa wali na joto limekaa juu ya bati. Vioo vyote vinne vikazimika. Fausta alifungua chumba akidhani umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka. Feni inazunguka. Mama kimya, hana hata joto, kama jiko la jana. Baada ya dakika saba akaamka mwenyewe.

Kesho yake tena. Saa ile ile, dakika zile zile saba. Fausta akabadili nyaya, akapuliza vumbi, akahamisha meza. Mama akaanguka vile vile. Mzee Hermenegildi akamwita, akamwambia wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi, na wakikuta hali hii mradi utahamishiwa kwingine, na watu arobaini watarudi kulima mpunga.

Fausta akaamua kumpima Mama mapigo, kama nesi. Aliiagiza mashine ipige mstari mmoja kwenye printa kila dakika: saa, na neno moja, HAI. Printa ile ilikuwa ya sindano, inakwaruza kama panya darini. Ikakwaruza asubuhi nzima. HAI. HAI. HAI. Saa saba na thelathini na tisa, HAI. Halafu kimya. Saa saba na arobaini na saba, HAI.

Fausta akachana karatasi, akaisoma. Katikati ya kimya palikuwa na mstari mmoja ambao hakuuagiza.

LUKELO – AMEHAMIA 031.

Hakupiga kelele. Aliikunja karatasi mara nne akaitia kwenye sidiria. Halafu akatoa kwenye kabati orodha ya mwisho ya Lukelo, nakala iliyobaki ofisini siku aliyozama. Nyumba kumi na moja hazikuwa na vema. Sita za Michenga, tano za Kibaoni. Ya kwanza kabisa ilikuwa 031.

Kesho yake karatasi ikasema 032. Keshokutwa, 036. Kwa mpangilio wa orodha, bila kuruka.

Siku ya nne Festo alirudi kutoka Michenga na baiskeli yenye tope mpaka kwenye kengele. Hakwenda kwa mkuu. Alimfuata Fausta nyuma ya ofisi, kwenye bomba.

"Shemeji, kuna mtu anahesabu huko."

"Nani?"

"Nimefika 031, mama mwenye nyumba ananicheka. 'Mwenzenu kapita mchana wa juzi. Tumempa kigoda, hakukaa. Ameuliza tuko wangapi, akaandika kwenye kiganja.'" Festo alishusha sauti. "Anasema alikuwa amelowa. Mvua haijanyesha wiki tatu."

"Mlangoni?"

"Vema. Yenye mkia."

Akaeleza na mengine. Mtoto wa kiume wa nyumba ile alilala mchana uleule akawa baridi. Hasemi, hali, vidole vimejikunja ngozi kama vya mfua nguo. Kesho yake, jua lilipopinda kidogo, akainuka akaomba ugali. Na saa hiyo hiyo akaanguka bibi mmoja wa 032. Naye akaamka kesho yake, ikawa zamu ya nyumba iliyofuata.

"Shemeji, anapita. Anakaa kutwa moja kwa mtu, halafu anaondoka."

"Anakwenda wapi?" Fausta aliuliza, ingawa alijua.

Festo alimtazama usoni. Baadaye aliwaambia watu kwamba kilichomtia hofu hakikuwa Michenga. Ilikuwa sura ya Fausta. Ilikuwa imetulia kama ya mtu anayesubiri basi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila mchana alichana karatasi, akasoma namba, akaweka vema yake fupi, nadhifu, kwenye orodha. Michenga ikaisha. Kibaoni ikaanza: 402, kwa fundi cherehani. 409. 411. 415. Mji ukaanza kunong'ona juu ya homa mpya ya baridi inayokaa siku moja. Fausta akanunua sabuni ya kuogea, ile ya kijani ambayo Lukelo aliipenda. Akafua taulo.

Siku ya kumi na moja karatasi ikasema 417.

Ilikuwa kwa Sayi. Ukuta kwa ukuta. Jioni alipofika nyumbani aliiona vema mlangoni kwao, mbichi, chaki inachuruzika. Mama Mbuke alikuwa amekaa kibarazani na mtoto mapajani, amemfunga blanketi mbili katika joto lile.

"Amelala tu tangu mchana," alisema. "Mguse. Kama samaki."

Fausta alimgusa. Kama samaki. "Kesho mchana ataamka," alisema.

"Umejuaje?"

"Wote wameamka."

Alilala vizuri usiku ule, mara ya kwanza kwa miezi minne. Kesho ni 418.

Asubuhi hapakuwa na kisahani mlangoni. Na alipofika kazini alikuta gari la mradi limepaki, na kijana mwenye miwani, Egidius, fundi kutoka Dar, anashusha kasha kubwa. Mzee Hermenegildi alikuwa anasugua mikono.

"Dada, matatizo yako yamekwisha," Egidius alisema. "Nimekuletea pacha. Mama akianguka, huyu anamdaka hapo hapo. Hakuna atakayejua kama ameanguka."

"Usiiwashe leo."

"Kwa nini?"

Fausta alikwenda kuketi kwenye kiti chake. Pacha akawashwa saa nne. Saa saba na arobaini Mama akaanguka, pacha akamdaka, wasichana wakaendelea kuchapa hata hawakuinua vichwa. Printa ikakwaruza bila kukosa: HAI. HAI. HAI. HAI. Egidius akapiga makofi.

Fausta alisoma karatasi yote, kipande kwa kipande. Mstari haukuwapo. Kimya kile cha dakika saba ndicho kilichokuwa mlango wa Lukelo, na sasa mlango ulikuwa umezibwa.

Mbuke hakuamka.

Siku ya pili hakuamka. Hospitali walimpima damu, wakampima tena, wakasema hawaoni kitu. Sayi alichinja dume jeusi la tambiko. Siku ya tatu mtoto hakumeza tena. Siku ya nne, alipogeuzwa ubavu, alitoka maji mdomoni. Maji ya tope, yenye pumba za mpunga ndani yake.

Mama Mbuke aliyakinga kwa kiganja. Akamwonyesha Fausta.

Fausta alikwenda mbio kwa mama mkwe wake. Bibi Ursula alikuwa anapepeta mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha ungo.

"Mama, tuzike mgomba. Leo. Nimekubali."

"Umekubali sasa." Bibi Ursula alitoa chuya moja, akaitupa. "Yuko wapi saa hizi?"

"Kwa Sayi. Amekwama."

"Mfu hulazwa pale anapokutwa, mwanangu. Ukimzika leo, atalala hapo hapo. Atalala ndani ya yule mtoto."

"Basi nifanye nini?"

"Alikuwa anakwenda wapi?"

Fausta aligeuka akatazama upande wa nyumba yake.

"Anajua njia," bibi alisema. "Ila wewe ujue. Ukimfungulia, hutamfungia."

"Najua, mama."

Siku ya tano ndiyo siku ya wafadhili. Ofisi ilikuwa imepigwa deki, soda ziko kwenye ndoo ya barafu, na Mzee Hermenegildi amevaa tai iliyomkaba. Alikuwa ametangaza asubuhi: atakayegusa Mama au pacha wake leo, kazi hana. Wageni walikuwa wamesimama nyuma ya wasichana, wanatazama vioo, wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

Saa saba na thelathini na tano Fausta aliinuka kwenye kiti chake.

Alifungua chumba. Kulikuwa na baridi. Mama anavuma, pacha anavuma.

Saa saba na thelathini na nane. Egidius alimwona kupitia mlango ulioachwa wazi. "Dada, unafanya nini?"

Hakugeuka. Alipiga magoti. Nyaya zote za chumba kile zilikwenda kwenye soketi moja ndefu ukutani: Mama, pacha, printa. Aliishika plagi yake kwa mikono miwili.

Alimfikiria Mbuke na kisahani. Hakufikiria kingine.

Saa saba na arobaini.

Akaichomoa.

Mama akazimika. Pacha akazimika. Kule nje vioo vinne vikawa vyeusi, na mtu mmoja akasema neno la Kizungu kwa sauti ya chini. Fausta alibaki chini, plagi mkononi, mkia wake umelala sakafuni kama nyoka aliyekufa. Egidius alikuwa ameshafika mlangoni. Wote wawili waliiona.

Printa ilitembea.

Haina umeme. Ilikwaruza mstari mmoja, polepole, sindano kwa sindano. Ikasimama.

Egidius hakuingia. Fausta ndiye aliyechana karatasi. Ilikuwa imelowa pembeni. AMEHAMIA 418.

Alimpa Mzee Hermenegildi funguo mbele ya wageni, kabla hajaombwa. Akachukua kanga yake na kontena lake la wali. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani kwenye jua lile, na waliokutana naye wanasema aliwaamkia wote vizuri.

Mbuke alikuwa amekaa kibarazani kwao, anakunywa uji, mama yake amemshikilia kama mtu atakayeibiwa. Mtoto aliinua kichwa.

"Kuna ukoko?"

"Leo sijaunguza."

"Basi kesho." Akanywa funda moja. "Mjomba Lukelo amesema umwekee maji ya kuoga."

Mama Mbuke alimfunika mtoto mdomo kwa kiganja. Fausta aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa ujumbe wa kawaida.

Mlangoni kwake palikuwa na vema. Mkia wake ulikuwa mrefu kuliko wote, umeshuka mpaka karibu na kizingiti, na chaki yake ilikuwa inatiririka. Kufuli ilikuwa imefungwa. Aliifungua, akaingia, akafunga mlango.

Mama Mbuke aliusikia moto ukikataa mara tatu, mara ya nne ukashika. Alimwona jirani yake akitoka na ndoo ya maji ya moto, imefika nusu, akaipeleka bafuni kwa nyuma. Akaweka sabuni ya kijani juu ya jiwe. Akatundika taulo. Akarudi ndani kukaa.

Giza lilipoanza kuingia, Mama Mbuke alishindwa kuvumilia. Alizunguka nyuma akachungulia. Ndoo ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Maji baridi, ya tope, na juu yake pumba za mpunga zinazunguka taratibu, kama vile kuna aliyetoka kuyakoroga.

Hayo ni ya zamani sasa. Bibi Ursula alikuja na panga lake wiki iliyofuata, Fausta akamwambia kutoka ndani, "Usihangaike, mama. Ameshafika." Mradi ulifungwa, kompyuta zikauzwa, Egidius hakurudi tena Ifakara na inasemekana siku hizi anauza vipuri vya pikipiki. Mbuke ameshaolewa, mzima kabisa, na ukoko hataki hata kuusikia.

Fausta yupo pale pale, 418. Analima bustani yake, anauza mchicha. Ukinunua kwake, pokea chenji kwa kuweka kiganja chini, asikuguse. Vidole vyake vimekunjamana kama vya mfua nguo wa kutwa nzima, na havijawahi kukauka. Ukimuuliza mko wangapi nyumbani, atasema "Niko peke yangu," halafu atageuza kichwa kidogo, kama anayesikiliza.

Mlango ameubadilisha mara mbili. Wa kwanza ulioza kuanzia chini. Wa pili ni wa chuma, umepakwa rangi ya kijani, na hakuna mhesabuji aliyepita Kibaoni kwa miaka. Lakini kila miezi minne inaongezeka vema moja chini ya nyingine, zimepangwa vizuri kama daftari la mwanafunzi. Zote zina mkia.

Isipokuwa ya mwezi uliopita. Hiyo ni fupi, nadhifu, haina mkia, mwandiko wa mtu mwingine kabisa, kama vema zile za zamani kwenye orodha ya ofisini. Na haiko mlangoni kwa Fausta. Iko nyumba inayofuata, 419, kwa fundi wa baiskeli, na asubuhi ilipoonekana ilikuwa bado inachuruzika.